Kamba Iliyotoka Lamu

Fundi hakuwahi kununua tepu ya kupimia dukani kwangu. Misumari alinunua, mwiko alinunua, simiti alinunua baada ya kuupiga mfuko makofi mawili na kuuinamia kama daktari anayesikiliza kifua. Lakini tepu aliitazama pale ilipotundikwa, akasema, "Hiyo ni ya watu wa kusahau." Yeye alikuwa na kamba.

Ilikuwa kamba nyembamba ya katani, imekolea jasho mpaka ikawa rangi ya chai ya rangi, na ilikuwa na mafundo saba. Aliitunza ndani ya kopo la majani ya chai, na kopo ndani ya mfuko wa koti, na koti hakulivua hata jua likiwa la kupasua kichwa. Pale Kibomet, mtaani kwetu Kitale, kila mtu alijua hadithi yake. Ujanani Fundi alifanya kazi Lamu, kule pwani, kwenye mji wa nyumba za mawe ambazo hakuna anayejua zilijengwa na babu wa nani. Kulikuwa na msikiti wa kale sana uliokuwa ukikarabatiwa, na yeye alipima kwa kamba hiyo mihrabu yake, yaani ule ushubaka wa ukutani anaposimama imamu kuelekea kibla. Kila fundo lilikuwa na kazi yake: la upana, la kina, la pale upinde unapoanza kujikunja, na kuendelea mpaka la saba, ambalo lilikuwa la kilele.

Lamu yeye aliita Ramu. Aliita hivyo mpaka tulipofika huko, na baada ya kufika pia.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, msikiti wetu mdogo wa mabati ulipojengwa upya kwa mawe, marehemu baba yangu alikuwa katibu wa kamati. Wazee walimsikiliza Fundi akieleza habari za Ramu kwa muda wa sufuria mbili za chai, wakampa kazi. Haikuwasumbua kwamba yeye ni Mkristo wa Tongaren, tena mwenye cheo cha kupitisha kikapu cha sadaka kanisani kwao. Fundi ni fundi. Na mihrabu aliyoitoa, kusema kweli, ilikuwa nzuri ya kumfanya mtu asahau alichokuja kuomba. Ilikuwa nyembamba na ndefu, upinde wake umechongoka, na pembeni imepandwa maua ya plasta yaliyosukwa kama mkeka. Watu walitoka hadi mji wa Kwanza kuja kuitazama. Baba alisimama mlangoni siku ya kwanza akiwaonyesha wageni kwa mkono mzima, si kwa kidole, na kuwaambia, "Hii ni ya Lamu."

Fundi alichukia uongo kuliko alivyochukia mvua. Kila mtu wa mkono aliyefanya naye kazi, yaani yule wa kuchanganya simiti na kubeba mawe, alijua hivyo. Nilimwona akimfukuza mmoja kwa sababu aliulizwa kama amepima akasema amepima, na hakuwa amepima. Ukuta wenyewe ulikuwa sawa, lakini Fundi aliubomoa.

"Lakini ukuta iko sawa, Fundi," yule mtu alilia.

"Iko sawa kwa bahati. Mimi sijengi na bahati, bana."

Pombe hakunywa ila Jumamosi, ila Jumamosi yake ilikuwa na tabia ya kuanza Ijumaa mchana. Nyakati za swala alizijua kuliko sisi. Dakika tano kabla ya adhana alikuwa ameshaweka nyundo chini, na kama muadhini amechelewa, Fundi alitazama juu ya paa na kukohoa. Wakati huohuo kanisani kwao, nasikia, alikuwa mtu wa kufika wimbo wa pili. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kanisani wanamjua tayari.

Alikuwa na namna ya kukutazama unapopita mlangoni. Nilidhani ni heshima, kumbe anaupima mlango. Mtu akimwalika kula, alikula, akashukuru, halafu akasema dirisha lako limelala upande. Alipoteza marafiki wengi wa kumpikia namna hiyo. Mimi aliniita Mtoto wa Seketeri, kwa ajili ya ukatibu wa baba, tangu nikiwa mvulana wa kufagia duka hadi nilipokuwa na watoto watatu na nywele zimeanza kunihama. Hata baba alipofariki na duka likawa langu, jina halikubadilika.

Basi kwa miaka mingi Fundi aliishi kwa jina la Ramu. Akijenga choo, watu walisema huyu ndiye aliyepima Lamu. Alikosa mara mbili tu katika hesabu za ngazi, na mara zote mbili watu walidhani ndivyo ngazi za pwani zilivyo. Kisha likaja neno kutoka Bungoma. Kamati ya msikiti mmoja kule ilikuwa inajenga, na ilitaka mihrabu ya Lamu, kama ya Kitale. Fundi alianza kutembea kama amevaa viatu vipya. Aliniambia dukani, hali amekaa juu ya mifuko ya simiti, kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Magoti yamechoka. Alitaka kuweka mwiko chini akiwa na jina zuri.

"Mtu hubaki na nini?" aliniuliza. "Jina tu, Mtoto wa Seketeri. Hii ingine yote ni vumbi."

Mwaka huohuo akahamia mjini Kitale mzee mmoja wa pwani, muuza marashi na kofia. Alifungua kibanda karibu na msikiti, akaingia kuswali siku ya kwanza, na alipotoka alikuwa amekunja uso.

"Mihrabu hii ni ya wapi?"

"Ya Lamu," wakamwambia. "Ya ule msikiti wa kale."

"Ule mimi nimeswali utotoni. Mihrabu yake siyo hii."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayekuambia kifungo chako kimefunguka. Lakini kabla ya alasiri maneno yalikuwa yamefika Kwanza, na kesho yake yamefika Bungoma. Kamati ya kule ikasimamisha kila kitu. Wazee wetu wakagawanyika, nusu wakisema mzee wa marashi amezeeka, nusu wakisema Fundi hakuwahi kufika popote zaidi ya Eldoret. Fundi mwenyewe alikuja dukani, akaweka kopo la majani ya chai juu ya kaunta na kusema kwa sauti ya chini sana, "Mimi nirifika Ramu. Si niripima? Niriona kwa macho yangu."

Hizo l na r zikianza kubadilishana viti mdomoni mwake, ujue ameumia.

Kamati ikaamua watu wawili waende Lamu na kamba, wakaiweke kwenye mihrabu yenyewe, warudi na jibu. Fundi aende kwa sababu kamba ni yake. Mimi niende kwa sababu nilikuwa mwana wa katibu, na watu waliamini kuwa ukweli hurithiwa pamoja na duka.

Safari ilikuwa ya siku mbili na nusu, na Fundi alibeba kilo tatu za unga wa mahindi. "Kule wanakula wali asubuhi mpaka jioni," alinieleza. "Mtu anaweza kufa." Pwani nzima aliwasalimu watu kwa Kiswahili chetu cha bara, wakamjibu kwa upole ambao watu huwawekea wagonjwa. Hakuonyesha hofu yoyote. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa nayo tele.

Tulipoingia mjini nilimwona akibadilika. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba ukikutana na punda lazima mmoja wenu awe na adabu, na mara nyingi huwa ni punda. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, zimejaa nyufa na ukoga, milango imechongwa na watu waliokuwa na muda. Fundi alitembea akizigusa kuta kwa kiganja. Hakusema dirisha lolote limelala upande, ingawa mengi yalikuwa yamelala kabisa. Alikuwa akitabasamu peke yake, na kusema kweli nilimpenda sana asubuhi ile.

Imamu wa ule msikiti alikuwa kijana mpole. Tulimweleza shida yetu akatucheka kidogo, kisha akaturuhusu tuingie. Fundi aliosha miguu mara tatu. Aliingia akiwa ameshika kofia mkononi, akasimama katikati, akaitazama mihrabu.

Ilikuwa pana, fupi, na wazi. Haina ua hata moja. Upinde wake ulikuwa wa kiasi, imara, kama mtu mzima aliyekaa kitako, na chokaa yake imelainishwa na karne za migongo na mikono. Mtu aliyezoea ya kwetu angedhani wamesahau kuimaliza. Ilichukua muda kwangu kuona kwamba haikuhitaji kumalizwa.

Fundi alitoa kamba. Fundo la upana lilipungua kwa kiganja kizima. La kilele lilipita juu ya kilele likaenda kugusa ukuta mtupu. Yeye aliyepima kila kitu mara mbili alipima mara tatu. Kisha akakunja kamba polepole, akaketi sakafuni, na mimi nikaketi kando yake kwa sababu sikujua la kufanya.

"Fundi, uliwahi kuingia humu?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Nilikuwa mtu wa mkono. Nachanganya chokaa huko nje. Nilikuwa na matope mpaka kwa masikio, ningeingiaje nyumba ya Mungu ya watu? Hakuna mtu alinikataza. Ni mimi nilijikataza."

"Na kamba?"

"Mafundi wakitoka walikuwa wanasifu ile kitu ya ndani. Kila siku wanasifu. Mimi nikauliza mkubwa wao, hiyo kitu iko namna gani? Alikuwa amechoka. Akanionyesha kidaka cha ukutani cha ile nyumba nalala barazani, hapo ng'ambo. Akasema, kama hicho." Alinitazama. "Mtu mzima akikuambia kama hicho, si ni kama hicho? Nikapima hicho."

Tulitoka tukavuka kichochoro. Nyumba ilikuwepo. Mama mmoja mzee, mwenye nyumba, alikuwa amekaa kwenye baraza ya mawe akichambua mchele. Alitukaribisha kwa lafudhi ya kwao, "Ndooni, ndooni mukae," bila hata kuuliza sisi ni nani. Ukutani, ndani ya daka, yaani kile kiukumbi cha mlangoni chenye baraza hiyo, palikuwa na ushubaka mwembamba, mrefu, uliochongoka, wenye maua ya plasta yaliyosukwa kama mkeka. Ndani yake alikuwa ameweka redio, chaja ya simu, na maua ya plastiki. Fundi aliomba ruhusa akaweka kamba. Ikaingia sawasawa, fundo kwa fundo, mpaka la saba.

"Nililala chini yake miezi mitano," alisema. "Sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo. Nikajua tu hii ni ya Mungu."

Nilicheka, naungama. Nilicheka kwa sababu nilimkumbuka baba akiwaonyesha wageni kwa mkono mzima. Kisha nikaona kuwa Fundi analia, na kicheko kikanikauka. Mtu aliyebomoa ukuta uliosimama sawa kwa bahati alikuwa amekaa miaka yote hiyo juu ya neno la mtu aliyechoka. Yule mama akamletea chai.

Kabla ya kuondoka mjini Fundi alirudi msikitini peke yake. Alikuwa amenunua kamba mpya sokoni. Niliiona mkononi mwake.

Kitale kamati ilikutana baada ya swala ya Ijumaa. Fundi alibaki nje karibu na viatu, kama kawaida yake. Nilisimama mbele ya wazee, nikaona nyuso zao, nikaona mihrabu nyuma yao, nikamwona mzee wa marashi ameinamisha kichwa kama mshtakiwa. Nilikuwa nimejipanga kusema yote.

"Kamba imeingia sawasawa," nikasema. "Fundo kwa fundo."

Hakuna hata neno moja la hayo lililokuwa la uongo, na hiyo ndiyo fahari ninayojaribu kujipa hadi leo. Wazee wakashusha pumzi. Mzee wa marashi akatoka nje, akamshika Fundi mkono mbele ya watu, akamwomba radhi, akasema utoto humdanganya mtu. Bungoma wakapigiwa simu palepale.

Fundi alinisubiri watu walipotawanyika.

"Nilikutuma useme hivyo?"

"Hukunikataza."

"Ati sikukukataza." Alinitazama kama anavyotazama mlango. "Nilikuwa nataka kuingia kusema mwenyewe. Sasa nikisema, mwongo ni wewe. Baba yako alikuwa seketeri wa hapa."

Msimu mzima wa mvua alinunua misumari kwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambalo misumari yake alikuwa ameniambia miaka kumi kuwa hupinda ukiitazama. Nilijisemea atarudi. Niliumia kuliko nilivyotarajia, kwa maana nilikuwa nimemwokolea jina lake, na yeye alikuwa akipita mbele ya duka langu bila kugeuza shingo. Mtoto wangu mkubwa aliniuliza kama nimemdhulumu yule babu. Nilimwambia nilimsaidia. Akasema, basi mbona amenuna?

Kazi ya Bungoma ilichukua miezi minane. Siku ya kuufungua msikiti, wazee wa Kitale tulialikwa, tukakaa mstari wa mbele kama wakwe. Sikuwa nimezungumza na Fundi kwa karibu mwaka mmoja. Alikuwa amesimama kando ya nguzo, koti lilelile, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote.

Pazia lilipovutwa, nikaiona. Pana, fupi, wazi. Haina ua hata moja. Alikuwa ameijenga ileile, kipimo kwa kipimo, hadi ule ulaini wa chokaa ambao sijui aliupataje kwa simiti yetu ya bara. Kwa mara ya kwanza ile mihrabu ya kale ya Lamu ilikuwa imefika magharibi ya Kenya kweli.

Mwenyekiti wetu wa Kitale aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii si ya Lamu," akasema.

"Imekaa kama mlango wa stoo," akaongeza mwingine.

"Ya Lamu ni kama yetu. Hata kamba ilithibitisha."

Wenyeji wa Bungoma walianza kunong'onezana. Mtu mmoja akamwomba mzee wa marashi, aliyekuwa amekuja nasi, atoe kauli, maana yeye ndiye mtu wa pwani. Mzee wa watu aliisogelea. Aliweka kiganja juu ya chokaa, na nikaona macho yake yakibadilika, nikajua ameikumbuka. Kisha akakumbuka na siku aliyoomba radhi mbele ya watu.

"Mimi nilikosea mara moja," akasema. "Sitaki kusema tena."

Hapo niliinuka. Nataka hili liandikwe, kwamba niliinuka. Nilifungua mdomo, na neno la kwanza lilikuwa tayari limeshatoka.

"Wazee, kule Lamu mimi…"

"Ni mimi, wazee," Fundi akanikata, kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Nimezeeka. Macho imeisha. Mkono ulinipotea. Mnisamehe."

Wakamsamehe upesi, kama watu wanavyosamehe jambo lisilowagharimu. Mwenyekiti wa Bungoma akasema si neno, ukuta ni ukuta, Mungu hupokea. Mtu mmoja nyuma yangu akasema ni huruma, alikuwa fundi mzuri zamani. Watu wakaanza kutoka kuelekea penye pilau.

Tulibaki wawili. Fundi alitoa kopo la majani ya chai, na ndani yake hamkuwa na kamba ya zamani. Ilikuwa ile mpya, nyeupe bado, ya sokoni Lamu. Alinipa ncha moja bila kuniangalia.

"Shika hapo chini."

Nikashika. Aliivuta hadi kileleni. Fundo likakaa. Akashuka kwenye upana, fundo likakaa. Tulipima yote saba, mimi nimepiga magoti na yeye amenyoosha mkono, na mwisho akasimama kando akapumua.

"Sawa?"

"Sawa, Fundi."

"Haiko sawa na bahati?"

"Haiko sawa kwa bahati."

"Basi." Aliikunja kamba akaniwekea mfukoni mwangu, mkono wake ukakaa hapo kidogo. "Weka dukani, Mtoto wa Seketeri. Kesho nitakuja kuchukua misumari. Zile za ng'ambo zinapinda."

Tukatoka pamoja, akachukua viatu vyake, na tukawakuta wazee wetu wameshaanza kula. Mwenyekiti wa Kitale alikuwa amewakusanya wenyeji, sahani mkononi, akiwafariji. Aliwaambia wasivunjike moyo kwa yaliyotokea, na kwamba siku wakitaka kuona mihrabu ya Lamu yenyewe hasa, hakuna haja ya kusafiri hadi pwani, waje tu Kitale.

Fundi alitikisa kichwa kukubali, akaomba kijiko.